Huduma za Bandari ya Mombasa: Sifa Majini, Kasoro Nchi Kavu

Anayetaka kuipima kwa haki huduma ya Bandari ya Mombasa hana budi kuanzia Kilindini, mkondo wenye kina ulio magharibi mwa kisiwa, kwa kuwa ndio ulioipokea biashara ya meli kubwa ambazo Bandari ya Kale, makao ya majahazi, isingeweza kuzimudu. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza hapa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901, ilhali gati za kwanza za kina kirefu zilikamilika 1926. Njia ya kuondolea shehena ilitangulia gati kwa robo karne, na naamini utaratibu huo ulikuwa bora kuliko uliofuatwa baadaye.

Upande wa majini naisifu bandari hii bila kusita. Mkondo ulichimbwa hadi kina cha mita 15 mwaka 2012, gati namba 19 ikazinduliwa 2013, kisha mwaka 2016 kikaja kituo cha pili cha makasha, kilichojengwa kwa mkopo wa Japani na chenye uwezo wa kuhudumia makasha 550,000 ya futi 20 kwa mwaka. Awamu yake ya pili ilifuata 2022. Bandari iliyovuka makasha milioni moja mwaka 2014 ilivuka milioni mbili mwaka 2024, na ukuaji huo usingewezekana bila kina na gati hizo.

Kasoro huanza kasha likishatua. Mwaka 2019 serikali iliamuru mizigo ya bara isafirishwe kwa reli ya kisasa. Wenye malori, mawakala wa forodha na wakazi wa Mombasa wakaandamana kwa kuwa ajira zao zilihamia bara pamoja na mizigo, hadi mwaka 2022 shughuli za kutoa mizigo bandarini ziliporejeshwa. Reli yenyewe ni ya manufaa, hasa kwa mzigo unaoishia Nairobi, lakini iliishia Naivasha, hivyo mwenye mzigo wa Kampala au Kigali alilazimika kuuhamisha njiani na kulipia tena. Kulazimisha njia ambayo haijafika mpakani lilikuwa kosa lililomgharimu mteja.

Kwa mwagizaji wa Nairobi naipendekeza bandari hii pamoja na reli yake. Wa Uganda na Rwanda waachiwe walinganishe gharama ya lori na ya reli, wachague wenyewe.