Mbegu ya karanga Pendo: nilitaka kuipa nyota mbili, naipa nne

Wadau nimelima Pendo msimu huu hapa Kongwa, ekari moja ila vipande viwili, nusu nusu, na nusura niiandike vibaya mbegu ya watu bila kosa lake.

Kipande cha kwanza ndo shamba langu la siku zote, mwaka wa nne huu karanga tu. Cha pili nimekodi kwa jirani, yeye alipiga mtama misimu miwili. Mbegu ileile, siku ileile, nafasi sentimita 50 kwa 10. Kabla ya kupanda nilijaribu punje 100 kwenye kitambaa chenye maji zikaota 91, kwahiyo kwenye uotaji sina neno.

Zilipofika kwenye maua kule kwangu ikawa balaa, mche unanyauka leo, kesho wa pembeni yake, ukifukua unakuta nyuzi nyeupe zimezunguka shina pale usawa wa udongo na vipunje vya kahawia kama haradali, nikajua mbegu imekuja na ugonjwa nimepigwa. Mzee mmoja akasema ardhi hii ilishawashinda Waingereza na mradi wao wa karanga wa 1947, 1951 wakaachia, mimi ni nani. Bwana shamba alipokuja hata mbegu hakuigusa, aling'oa mche mmoja kwangu mmoja kwa jirani akapasua vile vinundu vya mizizi kwa kucha. Vya jirani ndani vyekundu kama damu, yaani bakteria wako kazini wanavuta naitrojeni ya hewani wanaulisha mmea. Vyangu vichache halafu vimepauka.

Akaniambia zile nyuzi nyeupe ni fangasi, na karanga juu ya karanga unawafuga, kila mwaka unawapikia chakula kilekile, na vile vipunje vinakaa ardhini miaka vikisubiri. Ukiweka nafaka wanakosa cha kula wanapungua. Nikamuuliza basi niweke kunde, akasema kunde na karanga ndugu, magonjwa mengi wanagawana.

Mavuno: kwa jirani magunia 6 ya maganda, kwangu 2. Iliniuma sana.

Mbegu yenyewe ni nzuri kwa mvua zetu hizi fupi, nimevuna siku ya 95, inasimama wima palizi haisumbui na kung'oa ni chap. Nyota moja nimeitoa kwa sababu haina subira, ikishakomaa ukazubaa na mvua ikarudi inaota hukohuko chini. Halafu duka nililonunua walinipimia kutoka gunia lililo wazi, punje nyingine zimepasuka, nyie daini mfuko uliofungwa wenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

Msimu ujao kipande changu napiga uwele, unaofuata mtama, karanga zirudi mwaka wa tatu. Jirani nimeshamuomba kipande kingine, kile alichovuna mtama juzi.