Themostati: kuitoa au kuweka mpya?

Dizeli ya zamani ikianza kuchemsha, iwe Hiace au Land Cruiser, mafundi wengi wa Kampala watakuambia, "Tuitoe tu themostati, mzee," yaani ile vali inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate moto. Hulipii kipuri, na gari likitoka gereji huonekana limepona.

Lakini dizeli hupenda joto. Bila themostati injini huchelewa kupata moto, hasa asubuhi za baridi kule Kabale: moshi mweupe, mafuta yanaliwa, masizi yanajaa, silinda zinalika. Kuna na hili ambalo wengi hawalijui. Kwenye baadhi ya injini, themostati inapofunguka huziba baipasi, ile njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, baipasi inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita rejeta. Basi kwenye foleni ya barabara ya Jinja unaweza kuchemsha kuliko mwanzo!

Mimi naweka mpya, pamoja na gasketi yake. Ila ijaribu kwanza: itumbukize kwenye sufuria ya maji, upashe moto. Iliyogongwa muhuri wa namba 82 ianze kufunguka karibu na nyuzi 82. Ikikaa kimya, irudishe dukani.

Kisha tia kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), si maji ya bomba, na uangalie mfuniko wa rejeta, maana ndio unaoshika presha. Kampala iko juu, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Rejeta ikiwa imeziba, anza na hiyo. Themostati haitakusaidia kitu.