Chupa ya mililita 12 au ya 160? Uhakiki wa vyombo vya sampuli za N2O kwa vipimo vya isotopu

Kwenye mashamba ya mahindi na miwa ya magharibi mwa Kenya, wanaopima gesi ya naitrasi oksaidi (N2O) hubeba zaidi chupa ndogo za kioo za mililita 12, zile za kifuniko cha kuzungusha chenye mpira katikati. Kwa kupima wingi wa gesi ni chombo kizuri mno na hatuna neno. Swali likiwa ni kiumbe gani cha udongo kilichoitoa gesi hiyo, chupa hii haitoshi, na kasoro hiyo hujitokeza ukiwa umeshalipia maabara.

Tazama hesabu. Hewa ya kawaida ina N2O karibu sehemu 337 kwa bilioni. Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa ni takriban kilopaskali 81. Mililita 20 za hewa hiyo, zikishindiliwa kwa sirinji ndani ya chupa ya mililita 12, zina N2O ya nanomoli 0.2 tu (nanomoli ni kipimo cha idadi ya molekuli). Hata gesi ya chemba, yaani kasha linalofunikwa juu ya udongo kunasa gesi, ikipanda hadi sehemu 1,000 kwa bilioni, hufikishi nanomoli 0.7, ilhali spektrometa ya masi, mashine ya kutenganisha isotopu kwa uzito, inayotafuta 15N (naitrojeni nzito) imekaa wapi ndani ya molekuli huhitaji nanomoli kadhaa. Chupa ya mililita 160, ya kizibo cha mpira wa butili kilichobanwa kwa alumini, ukiijaza sirinji tano za mililita 60 hubeba karibu nanomoli 10 za gesi hiyohiyo. Ndiyo tunayoipendekeza.

Nafasi hiyo ina uzito kwa sababu molekuli ya N2O ina naitrojeni mbili, moja katikati na moja pembeni. Tofauti ya 15N kati yake ni karibu 33‰ (sehemu 33 kwa elfu) gesi inapotokana na nitrifikesheni, yaani vijidudu kugeuza amoniamu kuwa naitreti, kupitia kemikali ya kati iitwayo haidroksilamini, na karibu 0 au chini kidogo inapotoka kwa bakteria wa denitrifikesheni, wanaogeuza naitreti kuwa gesi. Shida ni kwamba fangasi wa denitrifikesheni nao hutoa thamani ya juu, karibu 35‰, na bakteria wakianza kugeuza N2O kuwa N2, gesi inayobaki hupanda thamani. Kwa hiyo 15‰ kutoka shamba la mpunga la Ahero yaweza kuwa mchanganyiko wa vyanzo viwili, au chanzo kimoja kilicholiwa nusu. Omba maabara ikupe na oksijeni 18 (oksijeni nzito) ya gesi hiyo pamoja na 15N ya jumla, kisha pima na 15N ya amoniamu na ya naitreti za udongo wenyewe. Bila hizo, unabahatisha.

Hewa ya kawaida nayo ina thamani yake, karibu 18 hadi 19‰, na ndiyo imejaa chemba unapoifunga. Chukua chupa kubwa moja dakika ya 0 na nyingine dakika ya 60 ili uweze kuitoa hewa hiyo kwenye hesabu. Sambamba nazo, chupa ndogo za dakika 0, 20, 40 na 60 zikuonyeshe kama gesi ilipanda sawasawa. Gesi ya chemba isipofika angalau mara mbili ya hewa ya nje, usiitume. Ndiyo maana kazi hii hufaa siku za mwanzo baada ya mvua kunyesha juu ya mbolea ya CAN, si kiangazi.

Chupa kubwa ina taabu zake. Mililita 300 ni nyingi: kwenye chemba ya lita 12 ni asilimia 2.5, na kama chemba haina kibomba cha kupumulia, kuvuta huko hunyonya gesi kutoka udongoni na kuharibu kipimo. Kizibo nacho huharibiwa na sindano nene. Sindano ya geji 21 (namba ya unene; ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba), ya kijani, hukata kipande cha mpira na kuacha tundu. Nunua geji 25, ya rangi ya chungwa, inayopatikana kwenye maduka ya dawa. Huvuta polepole lakini mpira hujifunga. Chupa ikishatobolewa mara kadhaa, badilisha kizibo.

Usijaze chupa kwa kipimo chake tu. Mililita 12 za hewa ya Nakuru ndani ya chupa ya mililita 12 zimekaa kwenye kilopaskali 81. Sindano ya maabara iliyo karibu na usawa wa bahari ikiingia, hewa ya chumba nayo huingia. Mililita 20 huipandisha hadi kilopaskali 135, na hapo gesi hutoka badala ya hewa kuingia.

Chupa zinazouzwa zikiwa zimeshanyonywa hewa usiziamini hivihivi, hasa zikiwa zimekaa stoo miezi. Chagua chache, pima uzito, zitobolee ndani ya maji, pima tena. Ya mililita 12 ivute karibu gramu 12. Ikivuta 10, ilikuwa na mililita 2 za hewa ngeni.

Chupa ndogo zinafaa kabisa pale unapoweka mbolea yenye 15N ya kununua, kipande kimoja cha shamba kikiwa na alama ya 15N kwenye amoniamu na kingine kwenye naitreti, kwa kuwa alama ni kali. Ila chupa hizo, sirinji zake na chemba zake zisirudi kamwe kwenye kazi ya 15N ya asili. Na katika kila kifurushi cha kwenda nje, tia chupa tatu zenye gesi ya kipimo kinachojulikana, zilizojazwa siku moja na sampuli; zikifika zimebadilika, sampuli zilizosafiri nazo pia zimeharibika.