Fundi wa santuri, nyuma ya Darajani

Ukiwa na santuri ya kuzungusha kwa mkono, iwe ya urithi au ya kununua, mpelekee fundi huyu kabla hujaitolea hata shilingi. Kibanda chake kiko nyuma ya soko la Darajani, hapa Unguja. Hakina bango. Ulizia fundi wa santuri, utaonyeshwa.

Nilimpelekea santuri ya marehemu bibi, chapa ya HMV, modeli 102, ile nyeusi ya kubeba kama begi. Muuza vitu vya kale mmoja alikuwa ameniapia kwamba kila kilichomo ndani ni cha kiwandani. Fundi hakushika bisibisi kwanza. Alichomoa kisanduku cha sauti, kile kinachoshika sindano, akakigeuza kwenye mwanga, akanisomesha maandishi: No. 4.

“Mwanangu, hiki cha 101. Mia na mbili nyingi zavaa 5A au 5B.”

101 ilitoka mwaka 1925, na 102 ikaifuata mwaka 1931, kwa hiyo kipande hiki ni kikongwe kuliko sanduku lililokibeba. Kisha akainua bamba la juu. Mota ina chapa ya Garrard, kampuni ya Swindon, Uingereza, ilhali HMV walikuwa na mota zao wenyewe huko Hayes. Akanipitishia kidole kwenye matundu ya skrubu yaliyobaki wazi, na pembeni yake matundu mengine yaliyotobolewa kwa mkono, kingo zimechanika. Mota hiyo ilitolewa kwenye santuri nyingine. Nilipombana ni ipi, alisema huenda Columbia, huenda Decca, maana zote mbili zilitumia Garrard, na hakutaka kwenda zaidi ya hapo. Hapo ndipo nilipomwamini kabisa.

Angeweza kunitisha anitoze mota mpya. Aliisafisha, akaitia grisi, akaweka kipande cha karatasi chini ya sahani na kuhesabu mizunguko kwa saa ya mkononi: 78 kwa dakika. “Yazunguka sawa, niitoe kwa nini?” Alichobadilisha ni pete za mpira za kisanduku cha sauti, zilizokuwa zimekauka kama jiwe. Zile ndizo zilizokuwa zikiikwaruzisha sauti ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab. Sahani zake za HMV, alizoanza kurekodi Bombay mwaka 1928, sasa nazisikia udi ukiwa mbali na fidla, kila kimoja mahali pake. Nililia, sioni haya kusema.

Kila kipande na asili yake alikiandika kwenye karatasi, akaibandika ndani ya kifuniko. Kwangu karatasi ile ina thamani kuliko matengenezo.

Kasoro yake ni kuchelewa. Simu hapokei, na akisema Jumatatu hesabu Alhamisi. Sindano za chuma anazo. Kila upande wa sahani na sindano yake, na ukibisha atakukatalia kukuuzia.

Zile zenye bomba kubwa la shaba linalong’aa, wanazouziwa wageni, mwonyeshe kabla ya kulipa. Nyingi huundwa India siku hizi: sanduku jipya, bomba jembamba, nembo ya HMV ya kubandika, na mota ya santuri kuukuu iliyovunjwa. Kukagua tu hatozi kitu. Nenda baada ya alasiri, na ubebe hendeli yako, maana za akiba hana.