Dawa ya kuogeshea matumbawe: usinunue ya kuogesha mara moja

Mwezi wa pili nilipokea vipande vinne vya zoanthasi, jamaa wa matumbawe wanaofanana na maua madogo, kutoka kwa mwenzangu anayezikuza Dar. Vilikuja kwa SGR, ndani ya boksi jeupe la samaki nililolipakata kutoka stesheni mpaka Kisasa, hapa Dodoma, kama mtoto mchanga. Nikaviogesha dawa ya kutoa wadudu dakika kumi. Wakadondoka koa wawili. Nikafurahi, nikavitia tangini, lile la maji ya chumvi ninalofugia matumbawe nyumbani. Wiki tatu baadaye zoanthasi zangu za zamani, zile za rangi ya chungwa, zilikuwa zimejifumba na nusu yake zimeliwa.

Usiku nikamulika tochi, nikawakuta wamejaa shinani. Koa hawa ni konokono wa bahari wasio na gamba, na mchana huwaoni kirahisi kwa sababu wakila zoanthasi wanachukua rangi yake. Sasa walitoka wapi, na mimi niliogesha? Walitoka kwenye mayai. Yalikuwa chini ya kisahani ambacho tumbawe hugundishwa, kamba nyembamba ya ute mweupe iliyojiviringa, na mimi sikukigeuza.

Kila anayeniuliza dawa ya kununua huanza na "inaua?" Jamani, karibu zote zinaua kitu. Zinaua mdudu aliyekwisha kutoka. Yai limejifunika ute, na katika hizi nitakazotaja hakuna hata moja ninayoiamini kwa mayai. Maana yake utaogesha leo, utarudia baada ya wiki, na wiki inayofuata tena, tumbawe likiwa karantini kwenye tangi dogo pembeni. Kwa hiyo muulize muuzaji kama tumbawe litastahimili raundi tatu, na kama chupa inatosha raundi tatu. Mengine ni mapambo.

Namba moja kwangu ni Revive ya Two Little Fishies, kampuni ya Florida, na sifichi kwamba naipendelea. Imetengenezwa kwa dondoo za mimea na inanuka kama dawa ya kudekia. Nimeogesha nayo zoanthasi zilezile mara tatu, na kila mara zilifunguka kesho yake. Kwa mtu anayejua atarudia, upole huo ndio anaoulipia.

Namba mbili ni Coral RX. Ni kali, na kwa minyoo bapa inafanya kazi nzuri sana. Ila kuna vichupa vyake vya kutumia mara moja, na hapo ndipo watu wanaponasa: unanunua kimoja, unaogesha, unajiona umemaliza, kumbe mayai yanasubiri. Ukiichukua, chukua chupa kubwa.

Reef Dip ya Seachem naiweka ya tatu, si kwa ubaya. Ni ya ayodini, na kazi yake hasa ni vidonda: tumbawe limekatwa leo au limechubuka safarini, hapo itakusaidia. Koa nisingemkabidhi.

Kuna wanaotumia dawa ya wadudu wa bustani yenye imidakloprid kwa kuwa ni ya bei rahisi. Matone yakiingia tangini, kamba na kaa wako kwaheri. Peroksaidi ya duka la dawa ni ya mwani. Tumeishia hapo.

Dawa yoyote utakayochukua, mayai utayatoa kwa mkono. Bandua tumbawe kwenye kisahani chake, tupa kisahani, kwangua chini kwa mswaki wa zamani, gundisha kwenye kisahani kipya kwa supaglu nzito. Vaa glavu na miwani. Baadhi ya zoanthasi zina sumu kali iitwayo palitoksini, na usithubutu kuzimwagia maji ya moto, kwa sababu ule mvuke umeshapeleka watu hospitali. Maji uliyoogeshea yamwage, yasirudi tangini.

Nao wenzangu wa Dodoma mtasema raundi tatu ni maji mengi. Kweli. Maji yetu ya bomba yana chumvi, lakini si ile tunayoitaka, kwa hiyo kila lita lazima ichujwe kwanza ndipo ukoroge chumvi ya bahari. Mimi naogesha siku ya kubadilisha maji, natumia yaleyale niliyoyatoa tangini. Joto ni lilelile, chumvi ni ileile, na sijapoteza kitu.

Kinachonichosha ni wauzaji. Chupa imepigwa picha vizuri, chini wameandika "bei inbox". Kwa nini inbox? Nikiingia naulizwa niko wapi, nikisema Dodoma bei inapanda kabla hata ya nauli, kana kwamba wabunge ndio wanaofuga matumbawe! Mmoja alinitoza 45,000 kwa Revive. Ilipofika ilikuwa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, haina kibandiko, haina tarehe, haina kipimo. Nikamuuliza naweka mililita ngapi kwa lita. Akajibu, "Wewe weka kiasi, dada."

Ipo kabatini mpaka leo. Na hata hiyo harufu ya kudekia haina.