Masta silinda ya pikipiki: ipi ununue Kampala, ipi uiache dukani

Pikipiki nyingi za Boxer za steji ya bodaboda zina breki ya drami mbele, inayovutwa na waya, kwa hiyo mwenye Boxer ya namna hiyo hana masta ya kununua, yaani ile silinda ndogo ya kwenye usukani inayosukuma mafuta ya breki. Namwandikia mwenye Pulsar, Apache au pikipiki yoyote ya diski ambaye mkono wa breki umeanza kuzama hadi kugusa usukani. Mimi ulinizamia nikishuka Sipi kuelekea Mbale, abiria yuko nyuma. Breki ya nyuma na gia ndogo ndizo zilizotuokoa. Masta ile ilikuwa ya boksi lisilo na jina, na haikuwa imemaliza hata mwaka.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza bei naangalia kipenyo cha ndani cha masta. Mara nyingi kimeandikwa chini ya bodi: 11 au 14 (milimita), 1/2 au 5/8 (inchi). Ukitoa ya 1/2 (milimita 12.7) ukafunga ya 5/8 (milimita 15.9), mkono unakuwa mgumu na unadhani breki imeimarika. Kumbe kwa nguvu ileile ya vidole, shinikizo linaloifikia kalipa (kifaa kinachobana diski) limepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Kipenyo kidogo mno nacho kinaufanya mkono uende mbali kabla ya kushika. Chukua kinacholingana na kile ulichotoa.

Kwangu, nafasi ya kwanza ni kutonunua masta kabisa. Nunua kiti ya raba, yaani seti ya vipuri vya ndani: pistoni, springi na raba zake. Fungua masta uliyo nayo, pitisha ukucha ndani ya silinda. Ikiwa laini, bila mikwaruzo wala kutu, kiti inatosha. Mafundi wengi huiruka hatua hii kwa sababu kubadilisha masta nzima ni kazi ya haraka.

Ya pili ni masta halisi ya kampuni ya pikipiki yako, au ya mtengenezaji anayejulikana kama Nissin. Ya tatu ni mtumba wa Japani uliotolewa kwenye pikipiki kubwa, kama zile utakazokuta soko la vipuri la Kisekka. Bodi zake ni imara, lakini kipenyo huwa kikubwa, na raba haina budi kuwa mpya. Nenda na masta yako ya zamani mkononi mlinganishe pia uzi wa boliti ya paipu, tundu la kioo na swichi ya taa ya breki. Boliti ikiingia kwa kulazimishwa, irudishe.

Ya mwisho ni zile za rangi zilizoandikwa Brembo (jina la kampuni kubwa ya breki) kwa stika na kuuzwa kwa bei ya soda chache. Ziache hapo zilipo. Breki si mahali pa kutafuta urembo.

Kuhusu mafuta, fuata kifuniko cha kikopo cha masta: kikisema DOT 4 (daraja la mafuta ya breki), weka DOT 4. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa; DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, ikilowa inaweza kushuka hadi 155, na mteremko mrefu wa milima ya Kigezi unaweza kuifikisha huko. Badilisha kila baada ya miaka 2, na chupa iliyokaa wazi dukani usiipokee. Usiruhusu fundi aoshe masta kwa petroli au dizeli, maana raba zitavimba. Tumia mafuta ya breki yenyewe.

Na gurudumu la mbele likianza kuwa zito bila kubana breki, usikimbilie kalipa. Chini ya kikopo cha mafuta kuna kitundu kidogo kama ncha ya sindano, kinachorudisha mafuta unapoachia mkono. Kikizibwa na uchafu, breki inabaki imeshika. Kizibue kwa uzi mmoja wa waya laini, toa upepo kwenye mafuta upya, kisha hakikisha mkono una mchezo kidogo kabla pistoni haijasogea.