Deni la Sehemu ya Pili: Kilichoiangusha Fantastic Beasts

Habari zenu wapenzi wa muvi, karibuni tena. Leo nimewaletea Fantastic Beasts, zile muvi za wachawi za ulimwengu wa Harry Potter, zote tatu, na naanza na hela.

Ya kwanza, mwaka 2016, iliingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani kote. Ya pili, 2018, ikashuka mpaka kama milioni 650. Ya tatu, 2022, ikaambulia kama 400. Tuliahidiwa sehemu tano, tumeishia tatu.

Sasa hapa ndipo watu wanapochanganya. Iliyopondwa na wahakiki kuliko zote ni ya pili. Ya tatu waliipokea afadhali kidogo, lakini ndiyo iliyoanguka! Kwa nini? Kwa sababu tiketi ya sehemu ya pili mtu anainunua kwa mapenzi ya sehemu ya kwanza. Wahakiki waseme wasiseme, yeye ataenda. Akitoka ameumia, hagombani na mtu. Sehemu ya tatu ikija, anabaki nyumbani.

Na waliumia wapi? Mnamkumbuka Jacob? New York ya 1926, yule mwoka mikate aliyekwenda benki kuomba mkopo na sanduku lake limejaa vitafunwa alivyooka mwenyewe. Mwisho wa ile ya kwanza, mvua ya kusahaulisha inanyesha mji mzima, naye, kwa kuwa si mchawi, inabidi asahau yote. Anatoka kwenye mlango wa stesheni, anaingia mvuani kwa miguu yake mwenyewe. Queenie, yule mchawi anayempenda, anamfuata, fimbo imegeuka mwavuli, anambusu. Halafu hayupo tena. Jacob kabaki peke yake, amelowa, hajui hata amefikaje pale. Mimi nililia, nawaambia ukweli.

Njoo sehemu ya pili. Jacob huyo hapo London, nyumbani kwa Newt, yule mchawi ambaye ndiye staa wa muvi hizi, anakumbuka kila kitu! Maelezo ni maneno mawili matatu: ile dawa ya kwenye mvua hufuta kumbukumbu mbaya tu, naye hakuwa na mbaya. Sitaki kuwaonea, ya kwanza ilishadokeza kwamba dawa ile inafuta kumbukumbu mbaya. Lakini chozi langu la mvuani limekwenda wapi?

Kisha anatokea Profesa McGonagall wa Harry Potter akifundisha Hogwarts, ile shule ya wachawi, wakati mashabiki walishapiga hesabu zao kwamba miaka hiyo alikuwa hata hajazaliwa. Kisha dakika za mwisho Credence, yule kijana anayetafuta asili yake, anaambiwa yeye ni wa ukoo wa Dumbledore, yule mchawi mkubwa wa Hogwarts, ndugu ambaye vitabu saba vizima vya Harry Potter havikumtaja. Jamani, shabiki wa fantasia anaishi ndani ya ule ulimwengu. Anajua nani kazaliwa lini, nani ndugu ya nani. Ukimvurugia hayo, umemvunjia nyumba.

Wapo wanaosema korona ndiyo iliyoiua ya tatu. Iliumiza, sikatai. Na kumbadilisha mwigizaji wa Grindelwald, yule mchawi mwovu, kutoka Johnny Depp kwenda Mads Mikkelsen, hakukusaidia, ingawa Mikkelsen kwangu ni mzuri sana, mtulivu na wa kutisha. Lakini miezi minne tu kabla yake, Spider-Man ilijaza kumbi dunia nzima. Watu walikuwa wanatoka. Hawakutoka kwa ajili ya hii.

Na kinachoniuma ni kwamba walijirekebisha. Walimrudisha Steve Kloves, aliyeandika karibu muvi zote za Harry Potter, na stori ya tatu inafuatika kuliko ya pili. Hata Jacob walimlipa haki yake: anamwoa Queenie palepale kwenye duka lake la mikate, theluji inaanguka nje, Dumbledore anatazama toka ng'ambo ya barabara kisha anaondoka zake peke yake. Siku niliyokwenda mimi, mwisho huo tuliuona watu kumi na mmoja. Niliwahesabu taa zilipowaka.